Kitabu Kilichoruhusiwa Kutoka

Jambo lenyewe liligharimu ekari mbili na nusu za kahawa kule Gakindu, ng'ombe mmoja ambaye hakuuzwa wakati alipofaa kuuzwa, na msomaji mmoja. Faini haikuwepo. Kitabu kilirudishwa siku mbili kabla ya tarehe ya muhuri, kimefungwa kwa gazeti, bila doa la chai. Nimeipiga hesabu hii kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na kila mara inatoka vilevile: maktaba haikupoteza kitu, mimi sikupoteza kitu, yeye alipoteza vyote.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko mjini Nyeri. Usiende kuitafuta, siku hizi ni ghala la mbolea. Niliingia pale uhuru ungali mchanga. Kabla ya hapo nilikuwa nikiuza viatu kuukuu, na kazi niliipata kwa sababu ya viatu. Mzee aliyeniajiri alikuwa amekuja kwangu wiki mbili mfululizo kutaka jozi moja nyeusi, na hakufaulu kunishusha hata shilingi. Mwishowe akanunua, akasema mtu asiyeachilia kiatu hataachilia mali ya serikali. Sikumkumbusha kwamba maktaba kazi yake ni kuachilia vitabu bure kwa yeyote mwenye kadi. Nilifikiri atagundua mwenyewe, na nilihitaji mshahara.

Kazi ya kumchagulia mtu kitabu niliifanya kama nilivyouza viatu. Mnunuzi anakuambia anavaa nambari nane. Wewe unautazama mguu, unaona ni tisa, unamletea tisa na kumwambia ndiyo nane yake. Anaondoka akitembea vizuri. Msomaji naye ni hivyo hivyo. Kulikuwa na mwenye bucha mmoja, mtu mnene, mzee wa kanisa, aliyekuja akaomba vitabu viwili vya dini. Nilipokuwa nikinyoosha mkono kuvichukua, nikaona macho yake yametua kwenye hadithi ya mapenzi, ile yenye picha ya muuguzi mlangoni. Nilikiweka cha muuguzi katikati ya vile viwili vya dini, nikafunga vyote kwa uzi. Baada ya siku tatu akavirudisha. Muuguzi alikuwa amesomwa mpaka pembe zimelegea. Vya dini vilikuwa bado vimefungwa fundo langu mwenyewe, isipokuwa sasa katikati palikuwa na nafasi. Alisema tu kwamba angependa kuendelea na masomo yale ya dini.

Dereva mmoja wa lori alitaka hadithi inayoisha kabla hawajamaliza kupakua mzigo Kenol. Nikampa kitabu cha hadithi fupi. Alirudi kulalamika kwamba zinatosha kwa mzigo wa kabichi, lakini kwa vitunguu anabaki katikati. Fundi wa cherehani kutoka Majengo, Mwislamu mmoja mwenye heshima zake, alisoma historia peke yake, na kwa kuwa sheria ilikataza kuandika kitabuni, alibishana na mwandishi kwenye vikaratasi, akaniletea mimi nivitunze. Nilikuwa na debe zima la hasira zake.

Kanuni yangu ilikuwa vitabu vitatu kwa kila mtu: alichoomba, alichotaka akaona haya kuomba, na ambacho hakujua kama kipo. Hicho cha tatu ndicho kilikuwa faida yangu. Mtu akirudi na kusema kile cha tatu kimemkosesha usingizi, nilijisikia kama nimeuza viatu viwili vya kushoto kwa bei ya jozi kamili.

Huyu mama aliingia siku ya soko, kikapu cha mayai mkononi, akaniuliza kama niko na kitabu cha magonjwa ya kuku. Alikuwa mjane. Mume wake alirudi kutoka kizuizini kwa mkoloni akikohoa na hakuacha kukohoa mpaka alipozikwa. Alimwachia binti mmoja mdogo na shamba lile la kahawa. Mama mwenyewe shule aliishia darasa la nne, maana karo ilikuwa ya mtoto mmoja na kaka yake alikuwa mvulana. Aliyasema haya yote akiwa amesimama, kwa sababu nilikuwa nikijaza kadi yake na kuna nafasi ya elimu na nafasi ya kazi.

Nilimpa cha kuku. Cha pili nilimpa cha mapishi, maana alikuwa amekitupia jicho. Cha tatu nikampa hadithi ya mauaji, ya Kiswahili, kurasa chache. Wiki mbili baadaye alirudi.

"Kuku wamepona," akasema. "Lakini hii ya muuaji, karani, nimeunguza githeri mara mbili. Ya kwanza binti yangu alikula. Ya pili hata mbwa alikataa."

"Basi nisikupe nyingine, mama."

"Nani amesema?"

Kuanzia hapo nilimpandisha ngazi. Nikampa mashairi, akayarudisha akisema huyu mtu anaogopa kumaliza sentensi. Nikampa safari za watu waliopanda milima, akashangaa kwamba mtu aweza kuuacha moto wa jikoni kwake kwenda kutafuta baridi, wakati mlima uko pale dirishani na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuwa na shida nao. Nikampa mapenzi, vita, ufugaji wa nyuki. Mwaka wa pili nikamtia kwenye Kiingereza, vile vitabu vyembamba vilivyorahisishwa, pamoja na kamusi. Mwaka wa tatu aliacha vyembamba. Alisoma vitabu vinene vya Kiingereza akiwa kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, akingoja zamu yake ya kupima. Wanawake wenzake walimuuliza kama anasomea upadri. Akaanza kuwasimulia, ukurasa kwa ukurasa, akigeuza kwa Kikuyu. Ikafika mahali mwenye mizani anaita na hakuna anayesogea, kwa sababu sura haijaisha. Meneja wa kiwanda alimwomba awe anasoma vitabu vyenye sura fupi. Hilo aliniletea mimi kama ombi rasmi, na nikalitekeleza.

Nilimwonyesha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha ng'ombe wa maonyesho ya kilimo. Mkaguzi akija kutoka Nairobi, nilitafuta namna ya kutaja kwamba tunaye mama wa Gakindu, darasa la nne, ambaye sasa anamaliza kurasa mia nne kwa wiki mbili.

Kisha shemeji yake akalitaka shamba. Alidai kwamba ndugu yake aliandikishwa tu kwa niaba ya ukoo, wakati ule serikali ilipounganisha vipande vya mashamba, na kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume hana la kulinda. Mbele ya wazee alisema mwanamke huyu ameharibiwa na vitabu. Mama akaomba karatasi aliyokuwa nayo shemeji, akaisoma kwa sauti mbele ya wote, na ikaonekana haisemi alichodai inasema. Wazee wakampa yeye haki. Shemeji akaenda mahakamani na wakili. Mama akaenda na ile karatasi, aliyoachiwa na wazee. Hakimu akampa shemeji.

Alikuja kwangu siku iliyofuata, hukumu imekunjwa mara nane ndani ya leso. Hakuomba nimsomee. Alinisomea yeye. Halafu akaniambia anataka kitabu cha sheria, cha kumwonyesha mtu aliyeshindwa anatoka pale anakwenda wapi, na kabla ya lini.

Sasa hapa ndipo ilipo. Tulikuwa na vitabu viwili vya namna hiyo. Jina moja, kitambaa cha jalada kijani kibichi kimoja, unene karibu uleule. Kimoja kilikaa kwenye rafu nyuma ya kiti changu, pamoja na kamusi kubwa na ramani. Kilikuwa na muhuri mwekundu: hakitoki. Vitabu vya rafu ile vilisomewa pale pale. Cha pili kilikuwa kwenye rafu za kawaida, na hicho kilitoka.

Kilifikaje? Katika miaka ile wazungu wenye mashamba walikuwa wakirudi kwao, na kila aliyeondoka aliacha sanduku mlangoni petu, kama mtu anayemwachia jirani paka. Humo mlikuwa na vitabu vya farasi, vya Biblia, vya namna ya kuandaa chakula cha watu kumi na wawili. Bosi wangu hakupenda. Mimi nilipenda, kwa sababu kila nusu mwaka tulipeleka makao makuu idadi ya vitabu, na rafu mpya zilitolewa kwa idadi, si kwa maana. Nilivipa nambari vyote, nikavibandika karatasi ya tarehe, nikavipiga muhuri. Nilivihesabu mara mbili. Sikufungua hata kimoja kwenye ule ukurasa wa mbele wenye mwaka wa kuchapwa. Kwenye viatu hakuna mwaka. Viatu viwili vya kiwanda kimoja, rangi moja na nambari moja ni viatu viwili sawa.

Mama hakuweza kukaa kusoma. Ilikuwa msimu wa kuchuma, na gari la Mukurweini, la kumrudisha kwao, liliondoka saa nane. Nikampa kile kinachotoka. Alikigeuza mkononi, kisha akanyoosha kidole kwenye rafu nyuma yangu.

"Ile ingine si ndiyo mpya?"

"Ile haitoki, mama."

"Na ziko sawa?"

"Ni mamoja," nikasema. "Jina moja, rangi moja."

Nilipiga muhuri. Akakifunga kwa gazeti, kama alivyofanya kwa vyote, akaenda zake.

Baada ya wiki moja alipitia tena akiuza mayai. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala vizuri. Aliniambia amekipata kifungu: aliyeshindwa ana siku sitini za kukata rufaa. Alikuwa amepata wakili pia, lakini wakili anataka pesa mbele, kwa hiyo wiki hiyo angemuuza ng'ombe wake wa maziwa.

Ningekuwa karani wa maktaba tu, ningesema pole na kuendelea na kazi. Lakini mimi ni mtu wa soko. Nikamuuliza nani anamnunua. Akanitajia mfanyabiashara mmoja wa Gakindu na bei aliyotoa, na bei ile ilikuwa nusu ya ng'ombe. Nikamwambia asiuze. Mnunuzi anayemwona mjane ametoka kortini anajua ana haraka, na mwenye haraka hupangiwa bei. Nikachukua kalenda ya ukutani, nikahesabu siku sitini kutoka siku ya hukumu kwenda mbele, kisha nikazihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Zilikuwa sitini. Nikamwonyesha kwamba malipo ya kahawa ya chama cha ushirika yatatoka katikati, siku zikiwa zimebaki tele. Amlipe wakili kwa pesa ya kahawa, abaki na ng'ombe wake na maziwa ya mtoto. Muda wa kitabu nao nikamwongezea wiki nne. Akanishukuru. Aliniachia mayai mawili mezani, na nikajiona nimefanya biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa niaba ya mtu mwingine.

Malipo yalitoka. Siku ya arobaini na moja alikwenda na wakili mahakamani. Mtu wa dirishani aliipokea karatasi, akatazama tarehe, akairudisha. Rufaa ilikuwa siku thelathini. Wakili, aliyelipwa asubuhi ile ile na kuziamini siku alizohesabiwa, alimtazama yeye, naye akasema kitabu kimesema sitini. Mtu wa dirishani akamuuliza alisomea wapi. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, si sana, wakiangalia pembeni. Wakili alimrudishia pesa, akakata ya siku ile moja.

Haya aliniambia yeye mwenyewe, wiki hiyo hiyo, aliporudisha kitabu. Watu watatu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Aliweka mezani kile kifurushi cha gazeti.

"Karani, kumbe mimi sijui kusoma," akasema. "Ilikuwa thelathini, na mimi nikaona sitini. Nafikiri niliona ile nilitaka."

Akaendelea kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wale wa nyuma. "Na hata wewe nimekudanganya, ukapoteza muda wako na kalenda. Unisamehe."

Nilisema, "Pole, mama." Akanipa na kadi yake ya msomaji, nikaipokea kama mpumbavu, na nikamwita aliyefuata.

Walipoisha wale watatu nilikifungua kitabu. Kulikuwa na ukurasa ambao ulifunguka wenyewe kwa kuzoea. Siku sitini, kwa Kiingereza, kwa maneno na kwa tarakimu. Hakukosea hata herufi. Nikageuka, nikakitoa kile cha rafu ya nyuma. Kifungu hicho hicho, siku thelathini. Kisha nikafanya kile ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza: nikafungua ukurasa wa mwaka. Cha kutoka kilichapwa bendera ya zamani bado inapepea. Cha kutotoka kilichapwa baada ya sheria kubadilishwa. Kitabu chenye sheria ya leo tulikifungia ndani, tukawapa watu sheria ya mkoloni waende nayo nyumbani.

Kwenye jalada la nyuma, ndani, palikuwa na mistari midogo ya penseli. Yeye hakuwahi kuandika kitabuni miaka ile yote, hata nukta. Mistari ilikuwa imepangwa mitano mitano, mmoja kwa kila siku. Arobaini na mmoja.

Nilitoka mpaka mlangoni. Alikuwa bado pale ng'ambo, kwa wauza mayai, akiongea na mmoja wao. Ilikuwa hatua ishirini, labda ishirini na tano. Nilisimama hapo mpaka mtu akanigusa bega kuniuliza kama maktaba imefungwa. Nikarudi mezani. Nikajiambia atakuja siku ya soko ijayo.

Siku ya soko ijayo hakuja. Shemeji yake alikuwa tayari amelizungushia shamba ua. Hapa ningeweza kusema kwamba yalikuwa yamekwisha na hakuna ambalo ningeweza kulifanya, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyojisemea. Lakini nilikuwa nimeuliza. Kulikuwa na mtu wa mahakamani niliyemjua tangu enzi za viatu. Nilimuuliza kwa mbali, kana kwamba ni hadithi niliyoisoma, kama mtu aliyepotoshwa na kitabu cha maktaba anaweza kuongezewa siku. Akasema inawezekana kuomba, ikiwa aliyempotosha atakuja kula kiapo na kueleza ilivyokuwa, na ikiwa atakuja upesi. Akiacha ikapoa, basi.

Kula kiapo kulimaanisha kusimama mbele ya hakimu na kueleza kwa nini maktaba ya umma ina sheria iliyokufa kwenye rafu, nani aliipiga muhuri, na kwa nini. Ile idadi niliyokuwa nikipeleka makao makuu ingefunguliwa, na sanduku la kitabu cha farasi, na lile la watu kumi na wawili mezani. Nilikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga. Niliacha ikapoa. Kila wiki nilijua imepoa kiasi gani.

Kile kitabu nilikiandika daftarini kwamba kimechakaa, nikakiondoa, nikakipeleka nyumbani. Kisha, jioni baada ya jioni, nikapitia rafu nzima nikitazama ukurasa wa mwaka. Nilitoa vitabu vya dawa, vya kodi, vya sheria, vya kunyunyizia kahawa. Idadi ikashuka, na bosi akaniuliza kama tumeibiwa. Wasomaji nao waliniona kila ninapowapa kitabu nakifungua kwanza pale mbele, nasoma, ndipo natoa. Mwenye bucha aliuliza kama siku hizi ninavinusa. Kanuni ya vitabu vitatu niliiacha. Aliyeomba kimoja alipewa kimoja.

Mama alirudi baada ya miezi tisa. Alikuwa amehamia mjini, chumba kimoja nyuma ya kinu, akiuza mboga. Nilimrudishia kadi yake bila kumuuliza, nikamletea hadithi moja nene niliyokuwa nimeiweka kando kwa ajili yake. Alisoma jina la kitabu, akakisukuma kwangu taratibu.

"Nipe zile za picha," akasema. "Ni za mtoto."

Zilikuwa za mtoto mara ya kwanza, labda na ya pili. Binti alikua, akaingia sekondari, na mama akaendelea kuchukua za picha. Baadaye akaanza kuniletea karatasi. Barua ya shule, cheti cha kliniki, risiti ya kodi ya chumba. Hata za Kiswahili. Alizitandaza mezani na kusema nimsomee, macho yake hayaaminiki. Na nilipokuwa nikisoma hakuitazama karatasi hata mara moja. Alitazama mdomo wangu. Yule mwanamke aliyesimamisha mizani ya kiwanda kizima mpaka sura iishe. Kila mara nilimsomea polepole na vizuri, na kila mara nilijua kwamba ninachomfanyia ndicho kinachomshikilia pale chini. Siku moja nilijaribu, nikamwambia mama, hii unaweza, ni maneno mepesi. Akacheka kidogo. "Wewe unataka nipoteze na hii chumba pia?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye, miaka ikapita, mpaka nikastaafu. Tukikutana sokoni bado ananiita karani.

Jumamosi iliyopita alinishika mkono kati ya wauza nyanya. Binti yake amerudi kutoka kwa mume huko Kangari, na watoto wawili, na godoro. Wako watano katika chumba kile, ukihesabu na kuku. Binti ana hasira. Anauliza kwa nini mama yake hakupigania shamba, kwa nini alimwachia ami yake bila rufaa. Kwa miaka yote hiyo mama alimwambia hakimu alinunuliwa. Sasa amechoka na uongo huo, akasema, na hataki kufa nao. Jumapili hii baada ya kanisa atamketisha binti na kumwambia ukweli. Anataka niwepo.

"Wewe ndiye uliiona hiyo kitabu," akaniambia. "Utasema tu, ati ilikuwa imeandikwa thelathini, na mimi nikasoma sitini. Wewe ukisema ataamini. Mimi siwezi kuamini macho yangu, lakini wewe ni mtu wa vitabu."

Nilimwambia nitakuja. Akanishukuru, akanipa nyanya nne, nikazibeba mpaka nyumbani.

Leo ni Jumatano. Kitabu ninacho. Kurasa zote mbili ninaweza kumfungulia, wa siku na wa mwaka, na macho yake yatajionea yenyewe kwamba hayakukosea. Lakini akishaona hivyo ataona pia ni nani aliyemwambia ni mamoja, nani alimzuia kuuza ng'ombe, na nani alinyamaza siku rufaa bado ingeombewa. Atapata macho yake, na atampoteza mtu wa pekee aliyekuwa akimsomea barua. Nikienda na kusema alivyoniomba, binti atamwona mama yake mjinga, na mimi nitarudi nyumbani nikiwa mtu wa vitabu.

Nina robo ekari Mweiga, niliyonunua kwa malipo ya kustaafu. Haina kahawa, ina mahindi na maji ya mfereji, na inatosha nyumba na kibanda cha kuku. Hati iko mezani hapa ninapoandika. Mke wangu ameiona. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, nishauri, maana niliozoea kuwauliza ni wale niliokuwa nikiwapa vitabu, na hao siwezi. Nimwendee kesho akiwa peke yake na mboga zake, au Jumapili mbele ya binti? Na hati nimkabidhi siku hiyo hiyo, au nimwache kwanza anitukane mpaka atosheke?